Michael Wood: Daktari Aliyeifanya Ndege Kuwa Mlango wa Hospitali

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru mkoani Arusha, huuona Mlima Kilimanjaro upande wa mashariki. Ni kwenye miteremko ya mlima huo ambako mwaka 1956 madaktari watatu wa upasuaji waliandaa mpango wa kuwafikia kwa ndege wagonjwa wa Afrika Mashariki waishio mbali na hospitali. Mmoja wao alikuwa Michael Wood.

Wood alizaliwa mwaka 1918, akasomea udaktari London, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia akahamia Kenya kufanya kazi ya upasuaji Nairobi. Baadaye alijiendeleza Uingereza katika upasuaji wa kurekebisha maumbile chini ya Archibald McIndoe, bingwa mzaliwa wa New Zealand aliyepata sifa kwa kuwatibu marubani walioungua vitani. McIndoe na Mmarekani Thomas Rees ndio waliokuwa wenzake katika mpango huo.

Tatizo walilolikabili lilikuwa bayana. Madaktari wa upasuaji walikuwa wachache na wengi wao waliishi mijini, barabara zilikuwa mbovu, na majeruhi wengi walifariki dunia kabla ya kufikishwa kwa daktari. Mwaka 1957 ilianzishwa huduma ya Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki, ambayo ndiyo chimbuko la shirika la AMREF. Wood mwenyewe alijifunza urubani, akawa anarusha ndege hadi hospitali za pembezoni, anafanya upasuaji, kisha anaondoka kuelekea kituo kingine. Kwa miaka kadhaa aliishi na mkewe Susan na watoto wao katika shamba la Olmolog, eneo ambalo leo ni kata ya Wilaya ya Longido mkoani Arusha.

Kazi hiyo ilidhihirisha kuwa mwendo wa ndege pekee hauokoi maisha. Kadiri ndege inavyopaa, shinikizo la hewa hupungua, oksijeni katika damu hushuka, na hewa iliyonaswa kifuani au tumboni hutanuka. Mgonjwa aliyekuwa na nafuu ardhini anaweza kuzidiwa angani. Hapo ndipo wajibu wa muuguzi wa angani unapoonekana. Huhakikisha hali ya mgonjwa imetulia kabla ya safari, hukagua njia ya hewa, dripu na mirija, hufuatilia mapigo ya moyo njiani, na hukabidhi kumbukumbu kamili kwa hospitali inayompokea. Safari inapovuka mpaka, nyaraka za matibabu na za kusafiria nazo huwa sehemu ya maandalizi.

Wood hakuridhika na ndege peke yake. Chini ya uongozi wake, shirika lilipanua kazi hadi mawasiliano ya redio kwa vituo vya mbali, mafunzo ya watumishi wa afya na kinga ya magonjwa vijijini. Alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka 1985, na mwaka huohuo alishiriki kuanzisha shirika la FARM-Africa la kuwasaidia wakulima na wafugaji. Alifariki dunia mwaka 1987.

Miaka 30 baadaye, umuhimu wa kazi aliyoiasisi ulidhihirika tena mkoani Arusha. Mei 2017, wanafunzi watatu walionusurika katika ajali ya basi la Shule ya Lucky Vincent wilayani Karatu, iliyoua watu 35, walisafirishwa kwa ndege kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro kwenda Marekani kwa matibabu. Pamoja na mama zao, waliongozana na daktari na muuguzi Watanzania. Agosti mwaka huo, watoto wote watatu walirejea nyumbani.