Daktari Laennec na Kipande Chake cha Mti



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani ambaye maisha yake yaweza kuwafaa wale wanaokusudia kusomea udaktari. Mimi si daktari. Kazi yangu ni ya majalada ya serikali. Hata hivyo sikusita juu ya nani wa kumwandika, na aliyenifanya nisisite ni rafiki yangu mmoja wa bweni.

Tulipokuwa kidato cha tatu rafiki huyo alikohoa muhula mzima. Zahanati moja aliyoiendea mara tatu ilimpa vidonge vya mafua na kumrudisha bila hata kumvua shati. Mara ya nne alimkuta daktari kijana aliyekuwa bado katika mafunzo. Kijana huyo alimvua shati, akamgonga mgongoni kwa ncha ya kidole, akamwekea stetoskopu kulia, kisha kushoto, kisha akarudi tena kulia. Halafu akamwambia ajigonge kifuani mwenyewe asikie. Upande mmoja ulilia kama debe tupu, na wa pili kama gunia la mchanga. Huko kwenye mchanga pumzi ilikuwa haisikiki kabisa. Maji yalikuwa yamejaa kando ya pafu, na vipimo vilipofanywa ikaonekana kuwa ni kifua kikuu. Alitumia dawa miezi mingi, akapona, na leo ni baba wa watoto wanne. Amenikataza nisimtaje jina, nami nimemtii.

Ujuzi ule wa kugonga na kusikiliza ndio ninaotaka kuusimulia, kwa maana aliyeufikisha mbali kuliko mwingine yeyote ni Mfaransa mmoja mwembamba, mgonjwa-mgonjwa, jina lake René Laennec.

Alizaliwa mwaka 1781 katika mji wa Quimper, jimbo la Brittany, magharibi ya Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka mitano mama yake alifariki, yasemekana kwa kifua kikuu. Baba yake alikuwa mwanasheria asiyejali sana malezi, basi mtoto akapelekwa kwa ndugu wa baba, na hatimaye akafika mjini Nantes kwa baba yake mdogo Guillaume, aliyekuwa daktari. Hapo ndipo alipokulia, katikati ya mapinduzi ya Ufaransa, katika nyumba iliyotazamana na uwanja ambapo watu walikuwa wakikatwa vichwa. Alipofika umri wa miaka 14 alikuwa tayari akijifunza kazi wodini, akifunga vidonda vya askari.

Mwaka 1801 alikwenda Paris na kuwa mwanafunzi wa Corvisart, daktari ambaye baadaye alimtibu Napoleon. Corvisart alikuwa amefufua elimu ya daktari mmoja wa Austria, Auenbrugger, ambaye mwaka 1761 alichapisha kitabu kidogo juu ya kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole. Auenbrugger alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na watu husimulia kuwa aliona jinsi mapipa ya mvinyo yanavyogongwa ili kujua mvinyo umefika wapi. Madaktari wenzake hawakumjali. Kwa Laennec ilikuwa sehemu ya masomo ya kila siku, na mwaka 1803 alishinda zawadi ya kwanza ya tiba na ya upasuaji pia.

Sasa tuje mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, Paris. Aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kwa unene wake, kugonga hakukufaa kitu. Njia iliyobaki ilikuwa kulaza sikio juu ya kifua, lakini umri wa yule binti na adabu vilikataza. Laennec akakumbuka jambo wanalolijua hata watoto: ukikwaruza kwa pini ncha moja ya boriti, aliyeweka sikio kwenye ncha ya pili husikia mkwaruzo wazi. Akachukua daftari la karatasi, akalivingirisha likakaza, ncha moja akaiweka kifuani na nyingine sikioni. Mapigo ya moyo yakamjia vizuri kuliko alivyowahi kuyasikia kwa sikio tupu.

Kutoka karatasi alihamia mti. Alikuwa na kerezo lake, naye alikereza kwa mikono yake mwenyewe mwanzi wa mti wenye urefu wa kama sentimeta 30, ukiwa na tundu katikati. Yeye aliuita silinda tu, kisha akautungia jina la Kigiriki, stetoskopu. Wasomaji wengi wanakijua kitukuu chake: kile kibomba kama tarumbeta ndogo anachokiweka mkunga juu ya tumbo la mama mjamzito ili asikie moyo wa mtoto.

Watu wengi humaliza hadithi hapa, nami naona wanakosea. Kuvingirisha karatasi ni kazi ya dakika moja. Kazi kubwa ilikuwa miaka mitatu iliyofuata. Kila mgonjwa wa kifua aliyeingia Necker, Laennec alimsikiliza, akaandika alichosikia na mahali alipokisikia, akaandika pia anadhani kuna nini ndani. Wengi wao walikufa, kwani dawa hazikuwapo. Hapo alipasua maiti, akalinganisha pafu lililo mbele yake na maneno aliyoyaandika wakati mwenye pafu alipokuwa hai. Kama alikosea, kosa lilikuwa mezani, mbele ya wanafunzi wake. (Sisi wa maofisini tukishaandika maoni kwenye jalada na kutia sahihi, ni mara chache tunalifungua tena kuona kama tulisema kweli.)

Sauti zenyewe hazikuwa na majina, ikabidi azifananishe na vitu vya nyumbani. Mwanzo wa nimonia aliufananisha na chumvi inayotatarika katika chombo juu ya moto. Penye maji kiasi kando ya pafu, kama kwa rafiki yangu, alisikia sauti ya mgonjwa anayezungumza ikitetemeka kama mlio wa mbuzi. Penye shimo lililochimbwa na kifua kikuu, maneno ya mgonjwa yalipanda moja kwa moja ndani ya mti kana kwamba yametamkwa na kifua chenyewe. Haya yote aliyachapisha mwaka 1819 katika kitabu cha majuzuu mawili. Wanafunzi walitoka nchi nyingine kuja kumsikiliza, na wale wasiojua Kifaransa aliwasomesha kwa Kilatini.

Hakukosa wapinzani. Mkali wao alikuwa Broussais, aliyeona karibu kila ugonjwa unatokana na uvimbe wa tumbo na matumbo, naye akaagiza ruba wafyonze damu. Laennec naye alikuwa na makosa yake. Hakuamini sana kwamba kifua kikuu kinaambukiza. Aliona huzuni kuwa moja ya vyanzo vyake vikubwa. Kwa kuwa aliamini hewa ya bahari inafaa, aliwahi kuletewa mwani na kuutandaza wodini kuzunguka vitanda. Haukumponya mtu. Lakini alishikilia kwamba vile vivimbe vya mapafu, vya mifupa na vya viungo vingine ni ugonjwa mmoja. Wakubwa waliomfuata walimpinga, hadi mwaka 1882 Robert Koch alipoonyesha kijidudu chenyewe.

Yeye mwenyewe kijidudu hicho hakikumwacha. Akiwa bado kijana alikwaruzwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na msumeno, alipokuwa akikata pingili za mgongo za maiti wa kifua kikuu. Uvimbe mdogo ukatokea, akauchoma kwa dawa kali. Kama ni hapo alipoambukizwa, au ni kwa mama yake, au ni wodini, nani ajuaye. Baada ya kitabu kutoka afya ilimshinda, akarudi Brittany kulima na kupanda farasi. Mwaka 1821 alirudi Paris, akapewa uprofesa, akaoa mwaka 1824, kisha akaandika kitabu upya kwa toleo la pili huku homa na kikohozi vikimzidi.

Toleo hilo lilitoka mwaka 1826. Mwaka huohuo alisafirishwa tena hadi nyumbani kwake Kerlouarnec. Ndugu yake wa ukoo Mériadec, aliyekuwa daktari pia, aliusikiliza mwili wake kwa kipande kile cha mti na kumweleza anayoyasikia. Sauti zile mgonjwa alikuwa amezifundisha yeye mwenyewe. Alifariki tarehe 13 Agosti, akiwa na umri wa miaka 45. Katika wasia wake Mériadec aliachiwa karatasi zake, saa, pete na stetoskopu.