Ian Donald, tabibu aliyetuonyesha mtoto tumboni

Mama mjamzito wa Pwani siku hizi anapopigwa picha ya altrasaundi, halioni jambo la ajabu. Hupakwa jeli ya baridi tumboni, na kwenye skrini akamwona mwanawe anacheza. Ni wachache mno wanaolijua jina la Ian Donald, aliyetufungulia mlango huo.

Donald alizaliwa Cornwall, Uingereza, tarehe 27 Desemba 1910, katika ukoo wa madaktari. Familia ilihamia Afrika Kusini, na huko akaonja uyatima angali kijana. Mamake alifariki kwa dondakoo, na muda si muda babake naye akafuata. Alirudi London mwaka wa 1931, akahitimu udaktari mwaka wa 1937.

Vita vya pili vya dunia vilipozuka alihudumu katika jeshi la anga la Uingereza. Aliwahi kuingia ndani ya ndege iliyokuwa ikiungua, mabomu yakiwa bado ndani, akawaokoa waliokuwemo. Mwaka wa 1946 alitunukiwa nishani. Katika vita hivyo alijifunza pia rada, na vyombo vinavyotafuta nyambizi baharini kwa mwangwi. Ukipiga ukelele kisimani, sauti hukurudia. Donald akajiuliza kama mwili wa binadamu nao ungejibu.

Mwaka wa 1954 alipewa uprofesa wa ukunga huko Glasgow, mji wa kuunda meli, ambako mafundi walitumia mwangwi kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Julai 1955 alikwenda katika kiwanda kimoja cha karibu akiwa amebeba uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa. Mafundi wakaupima, na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Uvimbe wa maji na uvimbe mgumu vikatoa mwangwi tofauti. Jibu likapatikana.

Alishirikiana na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, huku wengi wakiwacheka. Kicheko kilikatika alipoletwa mama aliyeaminika kuwa na saratani isiyotibika. Mashine ilionyesha ni uvimbe wa maji tu. Ukatolewa, mama akapona. Tarehe 7 Juni 1958 jarida la Lancet likachapisha kazi yao.

Picha za mwanzo zilikuwa kama ukungu. Ni miaka ya 1980, Donald angali hai, ndipo madaktari walipoanza kuripoti kwamba wameona mtoto mwenye mdomo uliopasuka, tunaouita mdomo wa sungura, kabla hajazaliwa. Leo mpigaji picha stadi anaweza kuuona karibu na wiki ya 20. Kaakaa ni shida zaidi, kwani ulimi na mifupa ya uso hulificha. Kwa hivyo hata picha ikiwa safi, mtoto akizaliwa achunguzwe kinywa kwa ndani.

Lakini kujua mapema ni kwa ajili ya nini? Hapa ndipo Donald alipopata uchungu wake. Alikuwa Mkristo mwenye msimamo, na sheria ya kuruhusu utoaji mimba ilipopitishwa Uingereza mwaka wa 1967 aliipinga hadharani. Hakuichunguza mimba ili chombo chake kiwe hukumu kwa mtoto mwenye kasoro. Sisi Waislamu, tunaoamini kwamba Mola ndiye atutiaye sura matumboni, tunamwelewa.

Mdomo uliopasuka hushonwa, aghalabu mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, na kaakaa kabla ya miezi 18. Hatari ya mwanzo ni njaa, maana mwenye kaakaa wazi hawezi kufyonza ziwa sawasawa. Mama aliyejua mapema atajifunza kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe au chupa maalumu, na atajua hospitali ya kujifungulia. Baba na mawifi nao watapata miezi ya kuzoea, badala ya kumtupia mzazi lawama za laana na mikosi siku ya kwanza.

Donald aliishi miaka mingi na maradhi ya moyo, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Alifariki tarehe 19 Juni 1987. Chombo alichotuachia huonyesha tu. La kufanya baada ya kuona, ametuachia sisi.