Aimé Behaeghe: rubani, masanduku na wapagazi

Aimé Behaeghe alizaliwa mwaka 1890 huko Kachtem, Flanders ya Magharibi, Ubelgiji. Anakumbukwa kama rubani wa kwanza kurusha ndege Afrika ya Kati. Nyumbani kwetu, Masisi kwa baba na Walikale kwa mama, jina lake halitajwi. Nimemfahamu kwa sababu ya kazi ya mikono: naunganisha ndege za mfano za rezini, na iliyo mezani kwangu sasa ni ya majini, ya enzi zake.

Mwaka 1916 Ubelgiji ilitaka kuwaondoa Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Uingereza iliipatia ndege nne za Short 827, zenye mabawa ya ngazi mbili, viti viwili, na maboya badala ya magurudumu, maana uwanja wa kutua ulikuwa ziwa lenyewe. Zilifika Matadi zikiwa ndani ya masanduku, zikasafirishwa kwa reli na meli za mtoni hadi mashariki. Kila reli ilipoishia na mto kuanza, watu walishusha mzigo na kuupakia upya. Vipande viliunganishwa karibu na Mtoa.

Katikati ya mwaka huo Behaeghe, akiwa na mwangalizi wake Collignon, alivuka ziwa hadi Kigoma kuishambulia kwa mabomu meli Graf von Götzen. Waliamini wameipiga. Kumbe mabomu hayakuizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwishoni mwa Julai walipouacha mji, baada ya kuzipaka injini grisi nyingi. Baadaye iliinuliwa, nayo ndiyo Liemba. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umeondolewa upelekwe kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa mbao. Mfano wa mzinga uliweza kutisha kama mzinga.

Behaeghe hakuona mwisho wa vita. Aliugua, akafariki Niemba Desemba 1916, akiwa na miaka 26.

Mabawa ya Short 827 yalikuwa na upana wa mita 16 na zaidi. Kwa kipimo cha 1:72 yanakuwa sentimita 23 hivi. Rezini humiminwa katika kalibu ya silikoni, kwa hiyo kila kipande huja na kishina cha kukatwa kwa msumeno mwembamba. Huoshwa kwa maji ya sabuni, maana mafuta ya kalibu hukataa rangi, na husuguliwa kwa msasa uliolowa, kwani vumbi lake hudhuru mapafu. Gundi yake hukauka upesi mno: bawa langu la kwanza liligandia upande, nikalazimika kulivunja na kuanza upya.

Sanduku lilikuja na sanamu mbili, rubani na mwangalizi. Hapo ndipo nilipokwama. Nilipokuwa mtoto, ndege zilitua juu ya barabara huko Kilambo, Walikale, kuchukua kasiteriti ya Bisie. Kutoka mgodini, wapagazi waliibeba kwa miguu msituni, gunia la kilo 50 mgongoni. Sisi watoto tulihesabu ndege, wapagazi hatukuwahesabu. Vita vya 1916 navyo vilibebwa na maelfu ya wapagazi, na wengi hawakurudi.

Neno mfano limetokana na kufanana, lakini pia ni kitu cha kuigwa. Maisha ya mtu mashuhuri tunayasimulia kwa maana hizo mbili pamoja, na tunachokiacha nje ya sanduku hakifanani na chochote tena. Sitaki kumnyima Behaeghe ujasiri wake. Kuruka juu ya ziwa lile kwa mbao na kitambaa hakukuwa mchezo. Ila katika kishina cha rezini kilichobaki nimechonga mtu wa tatu. Ana urefu wa sentimita mbili na nusu, bila kuhesabu mzigo.