Marie Curie: Kabla ya Nobel mbili, alisoma kemia kwenye chuo cha siri

Wengi wanamjua Marie Curie kama mwanamke wa kwanza kushinda Tuzo ya Nobel. Ndiye pia mtu pekee mpaka leo aliyeipata kwenye sayansi mbili tofauti: fizikia mwaka 1903 na kemia mwaka 1911.

Simulizi zake nyingi zinaanzia Paris. Lakini kemia hakuanzia huko. Alianzia Warsaw, kwenye chuo kisicho na jengo wala cheti, ambacho polisi wangekigundua wangekifunga.

Binti wa mwalimu

Alizaliwa Novemba 7, 1867, akaitwa Maria Skłodowska, kitinda mimba kwenye familia ya watoto watano. Wakati huo Warsaw na sehemu kubwa ya Poland ilikuwa chini ya Urusi, na shuleni watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi.

Baba yake alikuwa mwalimu wa fizikia na hisabati. Watawala walipoondoa masomo ya maabara kwenye shule za Wapolandi, alibeba baadhi ya vifaa akarudi navyo nyumbani. Maria alikua akiviangalia kwenye kabati la vioo, havina kazi.

Nyumba ile iliandamwa na misiba. Dada yake mkubwa alifariki kwa homa ya tifasi. Mwaka 1878 mama naye akafariki kwa kifua kikuu, Maria akiwa na miaka 10 tu. Baba naye alikuwa amepoteza nafasi nzuri kazini, ikabidi apangishe wanafunzi nyumbani ili mkono uende kinywani.

Hata hivyo, Maria alimaliza sekondari mwaka 1883 akiwa na miaka 15 na kupewa medali ya dhahabu. Basi, safari ikaishia hapo. Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Kusoma nje kulihitaji hela, na hela haikuwepo.

Leo sebuleni kwa huyu, kesho kwa yule

Watu wa Warsaw hawakukaa kusubiri. Wasomi wa Kipolandi walianza kufundisha kwa siri, hasa wanawake, kwenye nyumba za watu. Darasa lilihamahama ili polisi wasijue liko wapi, na kwa sababu hiyo kikaitwa Chuo Kikuu Kinachoruka.

Maria na dada yake Bronia walijiunga. Walisoma, wakajadiliana, na wenyewe wakawafundisha wanawake wengine.

Tatizo ni kwamba sebule si maabara. Kemia inataka mikono ishike kitu, na huko vitabu ndivyo vilivyokuwepo.

Ahadi ya dada wawili

Bronia alitaka kuwa daktari, Maria alitaka sayansi. Hela ya wote wawili haikutosha hata kidogo. Wakakubaliana: Bronia atangulie Paris, Maria afanye kazi na kumtumia hela. Bronia akisimama, zamu ya Maria.

Januari 1886, akiwa na miaka 18, Maria alikwenda kijiji cha Szczuki, kama kilomita 100 kaskazini mwa Warsaw, kuwa mwalimu wa nyumbani kwenye familia yenye uwezo. Mshahara ulikuwa rubo 500 kwa mwaka.

Mchana aliwafundisha watoto wa bosi, usiku akajisomea. Hesabu zilizomshinda alimwandikia baba yake. Kwenye kiwanda cha sukari kilichokuwa karibu alimpata mkemia aliyempa masomo kadhaa. Pia aliwafundisha watoto wa wakulima kusoma Kipolandi, jambo ambalo lingeweza kumpeleka Siberia.

Kisha yakaja mapenzi. Kazimierz, mtoto mkubwa wa familia ile, alitaka kumuoa. Wazazi wakakataa, maana binti hakuwa na kitu. Kwa aibu ile Maria angeweza kufungasha na kuondoka, lakini Bronia alitegemea mshahara ule. Akabaki mpaka 1889, mkataba ulipokwisha.

Zamu yake ilipofika, akakataa

Mwaka 1890 Bronia aliandika kutoka Paris: njoo sasa. Maria akajibu hapana. Baba alikuwa amezeeka na alimhitaji, na yeye mwenyewe alikuwa amekata tamaa.

Kilichomgeuza ni chumba kimoja. Binamu yake Józef Boguski, aliyewahi kuwa msaidizi wa mkemia maarufu wa Urusi, Mendeleev, alikuwa akisimamia Makumbusho ya Viwanda na Kilimo mjini Warsaw. Kwa watawala yale yalikuwa makumbusho. Ndani kulikuwa na maabara ambamo vijana wa Kipolandi walifundishwa sayansi.

Maria alikwenda jioni na Jumapili, mara nyingi peke yake, kurudia majaribio aliyoyasoma vitabuni. Kuna siku yalikubali, kuna siku yaligoma. Humo, mwalimu wa kemia Napoleon Milicer na msaidizi wake walimfundisha uchambuzi: kutenganisha mchanganyiko mpaka ujue kuna nini na kiasi gani.

Novemba 1891 alipanda treni kwenda Paris. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka minane tangu amalize sekondari. Ujerumani aliipita kwenye behewa la daraja la nne, akiwa na kiti chake cha kukunja.

Kilichomsaidia baadaye

Paris mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1893 aliongoza kwenye mtihani wa shahada ya fizikia, na 1894 akawa wa pili kwenye hisabati. Mwaka 1895 alifunga ndoa na Pierre Curie, na 1898 wakatangaza elementi mbili mpya: poloniamu, aliyoipa jina la nchi yake, na radiamu.

Kutangaza ni jambo moja, kuionyesha ni jingine. Kwenye banda lenye paa linalovuja, Marie alichakata tani kwa tani za mabaki ya mawe ya urani. Kuyeyusha, kuchuja, kukausha, kurudia. Mwaka 1902 alipata takriban sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu.

Kazi hiyo ilikuwa ileile ya Warsaw. Inaelezwa kuwa miaka mingi baadaye alikiri kwamba bila Milicer na msaidizi wake, asingeweza kuitenga radiamu.

Alifariki Julai 4, 1934, kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyoishi nayo. Tiba ya mionzi wanayopata leo wagonjwa wa saratani, wakiwemo wa Ocean Road jijini Dar es Salaam, mizizi yake inafika kwenye kazi ya kizazi chake.

Miaka miwili kabla ya kifo chake alirudi Warsaw kufungua Taasisi ya Radiamu, mahali pa utafiti na tiba ya saratani. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa daktari Bronia, dada yake, yule aliyesomeshwa kwa mshahara wa Szczuki.