Albrecht von Graefe

Albrecht von Graefe (Berlin, 22 Mei 1828 – Berlin, 20 Julai 1870) alikuwa daktari wa macho kutoka Prussia (leo Ujerumani). Anakumbukwa hasa kwa upasuaji wa kushusha shinikizo ndani ya jicho kwa wagonjwa wa glaukoma, ugonjwa unaoitwa pia presha ya macho.

Maisha

Baba yake, Karl Ferdinand von Graefe, alikuwa daktari mpasuaji maarufu aliyefariki mwaka 1840. Albrecht alisoma tiba kwenye Chuo Kikuu cha Berlin akapata shahada ya udaktari mwaka 1847. Baadaye alijiendeleza huko Prague, Paris, Vienna na London.

Aliporudi Berlin alifungua kliniki ya macho ambapo maskini walitibiwa bila malipo. Mwaka 1854 alianzisha jarida la tiba ya macho ambalo bado linatolewa kwa jina lake. Mwaka 1866 alipata kuwa profesa kamili. Aliugua kifua kikuu, akafariki akiwa na umri wa miaka 42. Mwaka 1882 sanamu yake ilisimamishwa karibu na hospitali ya Charité mjini Berlin.

Matibabu ya glaukoma

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Yasipotoka vizuri, shinikizo linapanda na kuharibu neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Uoni ukishapotea kwa njia hiyo haurudi. Katika ujana wa Graefe, glaukoma ilihesabiwa kuwa ugonjwa usio na tiba.

Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alitangaza oftalmoskopu, kifaa cha kutazama ndani ya jicho. Graefe alikitumia kuchunguza wagonjwa wa glaukoma. Mwanzoni alidhani kichwa cha neva kimevimba, halafu akatambua kwamba kimebonyea.

Mwaka 1857 alitangaza iridektomia, yaani kukata kipande kidogo cha ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni. Upasuaji huo uliokoa uoni wa wagonjwa wengi wa glaukoma ya ghafla, yenye maumivu makali. Kwa glaukoma inayokuja polepole bila maumivu, haukusaidia sana.

Urithi

Siku hizi tundu katika sehemu hiyo ya rangi hutobolewa kwa leza bila kisu. Kwa glaukoma ya polepole, iliyo ya kawaida zaidi Afrika, hutumika leza ya aina nyingine: mwali huelekezwa kwenye tishu inayochuja maji yanayotoka jichoni, ili yapite kwa urahisi zaidi.

Leza hiyo ilijaribiwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini ya Tanzania, ambayo ni pamoja na Mkoa wa Manyara na makao makuu yake, Babati. Wagonjwa 201 waliandikishwa kati ya 2015 na 2017. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yale yaliyotiwa matone ya timolol. Matone hutiwa kila siku na kununuliwa tena na tena, mzigo mkubwa kwa mgonjwa anayeishi mbali na hospitali.

Kama ilivyokuwa kwa upasuaji wa Graefe, leza huhifadhi uoni uliobaki tu. Kwa hiyo kupimwa mapema ni muhimu.