JM Kariuki: Ripoti ilitoka, lakini majina mawili yakafutwa

Kama wewe ni wa kuweka beti kila wikendi, hebu sikiza hii. Mwaka wa 1946, kijana mmoja aliyekuwa kibarua kwenye shamba la mzungu kule Rift Valley aliweka pesa kwa mbio za farasi, akashinda. Pesa hizo hakuzitapanya. Alizitumia kurudi shule.

Huyo ndiye Josiah Mwangi Kariuki, yule ambaye wazee wanamwita JM tu. Alizaliwa Machi 21, 1929, Kabati-ini, wazazi wakiwa maskwota. Masomo ya sekondari aliyafuata hadi King's College Budo, Uganda. Aliporudi Oktoba 1952, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa juzi tu. Akaingia Mau Mau, na kuanzia 1953 hadi 1960 akazungushwa katika kambi 14 za kizuizini. Hayo yote aliyaandika kwenye kitabu chake, Mau Mau Detainee, kilichotoka 1963.

Uhuru ulipokuja, JM alikuwa karibu na meza kuu kabisa. Alikuwa katibu wa kibinafsi wa Jomo Kenyatta, akawa mbunge, baadaye waziri msaidizi. Na tusidanganyane, alikuwa tajiri na hakuficha. Alikuwa na shamba, alipenda farasi, na kwenye harambee mkono wake haukuwa mzito. Wapo wanaosema hadi leo kwamba hakuwa na haki ya kutetea maskini akiwa na mali yote hiyo. Lakini yeye alisema waziwazi kile ambacho wenzake walinong'ona: ardhi iliyopiganiwa imeishia kwa wachache, na nchi inaelekea kuwa na matajiri wa kuhesabu kwa vidole na mamilioni ya ombaomba. Mikutano yake ikaanza kupigwa marufuku. Uchaguzi wa 1974 ulipofika, watu wa Nyandarua North wakamchagua tu.

Machi 2, 1975, Jumapili, JM alionekana kwa mara ya mwisho akitoka hoteli ya Hilton, Nairobi, akiwa na Ben Gethi, kamanda wa GSU. Kesho yake mchungaji akapata mwili vichakani kule Ngong, una majeraha ya risasi. Mwili ukapelekwa mochari ya City kama wa mtu asiyejulikana. Hapo sasa ndipo maneno yanaanza. Mbunge amepotea, nchi nzima inauliza, na kuna uvumi ati yuko Zambia, hata gazeti likaandika hivyo. Siku zikapita hadi Machi 11, familia ilipoutambua mwili wake. Wewe jiulize: sura iliyojulikana Kenya nzima, polisi wanaishindwaje?

Bunge likakataa kuwaachia polisi kazi hiyo. Likaunda kamati teule, mwenyekiti akiwa Elijah Mwangale. Juni 3, 1975, ripoti ikaletwa bungeni. Ilisema polisi walificha ukweli, na ikataja maafisa wa kuchunguzwa zaidi, Gethi akiwemo. Lakini kabla ya kufika kwa wabunge, majina mawili yalikuwa yameondolewa: Mbiyu Koinange, waziri katika ofisi ya rais, na Arthur Wanyoike Thungu, mlinzi wa rais.

Hapa ndipo mabishano yanachacha. Upande mmoja unasema kamati ilikuwa ya wanasiasa wenye hasira, si wapelelezi, kwa hivyo ripoti yake ni siasa. Pia unasema kutajwa si kupatikana na hatia, na hapo una haki: hakuna korti iliyowahi kumhukumu yeyote kati ya hao. Upande wa pili unasema ripoti iliyokatwa majina haiwezi kuitwa kamili.

Mimi naona hivi. Usiangalie tu kilichoandikwa, angalia gharama yake. Serikali haikutaka ripoti ipitishwe, wabunge wakaipitisha. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, alipiga kura na wabunge hao akafutwa kazi. Mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu nao wakaenda nyumbani. Nani anapoteza kazi kwa ajili ya uongo usiomfaidi? Kwangu, kazi ya kamati inaaminika. Kisichoaminika ni serikali iliyoipokea, ikakata majina, halafu haikumshtaki mtu.

Utaniuliza, hayo yote yanahusu nini sisi wa Laare, watu wa kupanga miraa na kukimbizana na gari? Yanahusu sana. Meru ilimtoa Baimungi, jenerali wa Mau Mau aliyeuawa mapema 1965, Kenya ikiwa huru tayari. Mtaani mwako pengine kuna mzee anayekumbuka siku hizo, na hajawahi kuulizwa na kamati yoyote.

Halafu kuna wewe mwenyewe. Vijana walipouawa kwenye maandamano ya 2024, kila mtu alidai uchunguzi. Sawa, tudai. Lakini ukisikia kamati imeundwa, uliza maswali matatu. Nani anachunguza, ni yule yule anayeshukiwa? Nani anaisoma ripoti kwanza, na kalamu yake iko wapi? Na ikishatoka, nani anabebwa kortini? Kamati ya Mwangale ilipita swali la kwanza. Ilikwama kwa hayo mawili mengine, wala si kwa kukosa ujasiri.

JM alizikwa Gilgil. Nusu karne baadaye, hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo chake.