DAKTA KRAPF, MKUSANYAJI WA MANENO

Tuanze na neno dogo la herufi tatu: kaa. Kila mtoto wa Mafia analijua. Yuko kaa wa mikokoni, liko kaa la moto, na tena mgeni akibisha hodi huambiwa karibu, kaa. Mwingereza hutumia maneno matatu mahali pa hilo moja letu: crab, coal na stay. Yote yana herufi nne nne, na yote yana a ndani yake, lakini hayana udugu wowote. Basi ni nani aliyekuwa wa kwanza kukaa kitako miaka mingi, akiyapanga maneno yetu neno baada ya neno na kuyawekea maana kwa Kiingereza? Mtu huyo hakuwa Mwingereza wala Mswahili. Alikuwa Mjerumani, jina lake Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810, katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen. Baba yake alikuwa mkulima. Tangu utoto alipenda sana kujifunza lugha, na alipokuwa mtu mzima akaingia katika kazi ya misheni. Mwaka 1837 chama cha Kiingereza kiitwacho Church Missionary Society kilimpeleka Uhabeshi. Huko alikaa miaka kadhaa, kisha njia ikafungwa asiweze kurudi. Ndipo alipogeuza uso wake kuelekea pwani yetu.

Januari 1844 alifika Unguja pamoja na mkewe, Rosine. Seyyid Said akampokea vizuri, akampa barua ya kumjulisha kwa maliwali wake. Krapf akaenda kukaa Mombasa. Mwezi wa Juni mwaka huo huo alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali, mtu wa Barawa aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Tukumbuke jambo hili: mwanafunzi alikuwa Mkristo na mwalimu wake Mwislamu, nao walikaa pamoja juu ya maneno.

Lakini haukupita muda msiba ukaingia nyumbani. Mwezi wa Julai homa ilimshika Krapf na mkewe. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Akafa, na mtoto akamfuata. Kaburi lao liko bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, hata leo. Mtu mwingine angepanda jahazi arudi kwao. Krapf alipopata nafuu alirudia karatasi zake.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Habari za theluji karibu na ikweta ziliwafanya wataalamu wengine wa Ulaya wacheke, lakini baadaye ikaonekana kuwa ni kweli.

Mwaka 1850 Krapf alisafiri kwa chombo kutoka Mombasa kwenda kusini mpaka Rasi Delgado. Siku hizo mji wa Kua, hapa Juani, ulikuwa umekwisha kuwa magofu, kwa kuwa mwanzoni mwa karne hiyo Wasakalava walivuka bahari kutoka Bukini, wakaupiga na kuwachukua watu utumwani. Kuta za misikiti na jumba kubwa zimesimama hata leo, lakini mazungumzo ya watu wa Kua hayakuachwa ukutani. Jiwe husimama kimya. Neno lisiloandikwa hufa na msemaji wake.

Mwaka huo huo vitabu vyake viwili vilipigwa chapa Tübingen: kimoja cha sarufi ya Kiswahili, na kingine cha maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Alitumia herufi za Kirumi. Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na tendi nzuri zimehifadhiwa kwa hati hiyo. Lakini Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, na sisi tuna irabu tano. Kwa hiyo kua, yaani kuongezeka kimo, na koa, mdudu mtelezi, huweza kuandikwa namna moja. Kwa herufi za Kirumi kila moja hujulikana peke yake.

Afya yake ilipovunjika, mwaka 1853 aliondoka pwani akarudi kwao, akakaa Korntal. Alirudi Afrika mara nyingine, hakudumu. Kamusi hakuiacha. Tarehe 26 Novemba, 1881, alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ilitoka London mwaka 1882. Yeye mwenyewe hakuishika mkononi.

Kitabu hicho kina kasoro. Tahajia yake ni ngeni machoni petu. Hata jina la lugha aliliandika Suahili. Tena baadaye, Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 iliifuata lahaja ya Unguja, siyo Kimvita alichokiandika zaidi Krapf. Hata hivyo ndani yake mna maneno mengi ambayo vijana wa leo hawayasikii tena, nasi tunayapata kwa kuwa mtu mmoja aliuliza, akasikiliza, akaandika.

Wanafunzi wenzangu, babu na bibi zetu wa Juani, Chole na Jibondo wana majina ya pepo, ya samaki na ya viungo vya chombo ambayo huenda hayamo katika kamusi yoyote. Krapf alivuka bahari kuyatafuta maneno ya namna hiyo. Sisi tunahitaji kuvuka ua tu. Chukueni daftari, mwende mkaulize wangali hai.